Fimbo na Kitana

Msomaji, kabla hujafungua ukurasa unaofuata, napenda kukuuliza swali moja. Mbwa wa kwenu aliguswa lini kwa mkono wa mtu? Siulizi alipigwa lini, maana huenda ilikuwa jana. Wala siulizi alitupiwa makombo lini, maana huenda ilikuwa leo asubuhi. Nauliza ni lini mtu wa nyumba yenu alipoinama, akaweka kiganja juu ya mgongo wake, akapekua manyoya yake ili aone kama ngozi ni nzima au imeliwa. Ikiwa hukumbuki, basi insha hii imeandikwa kwa ajili yako. Usione haya peke yako. Mimi niliyeiandika nilikuwa na jibu kama lako kwa miaka mingi, na jibu hilo nusura limgharimu mdogo wangu uhai wake.

Kutoka Timau, ambako baridi ya Mlima Kenya hushuka pamoja na umande wake, mpaka nyanda kavu za Mbeere, ambako jua huchoma mawe, ni shida kuona boma lisilo na mbwa. Mbwa ndiye askari wa zamu ya usiku. Hulinda kahawa shambani wakati wa mavuno, miraa ya Igembe, mbuzi zizini na kuku chini ya ghala. Huwafukuza nyani wasiingie katika mahindi. Mwizi akikohoa njiani, yeye husikia kabla mwenye nyumba hajageuka kitandani. Na mshahara wake ni nini? Ni ukoko wa sufuria, teke la mpita njia na kipande cha seng'enge shingoni. Ni mtumishi gani mwingine afanyaye kazi kwa ujira kama huo bila ya kugoma?

Nasema waziwazi kwamba hii ni dhuluma, na tena ni ujinga. Kutunza manyoya na ngozi ya mbwa si anasa ya matajiri, wala si desturi ya kigeni tuliyoachiwa na Wazungu. Ni deni la kila mwenye mbwa. Na deni hili lina tabia mbaya kuliko madeni mengine: mara nyingi asiyelilipa hamwoni mdai mlangoni pake, mdai humwendea mtoto.

Fikira hizi sikuzaliwa nazo. Nilizipata kwa mzee mmoja aliyekaa upande wa Kibirichia, katika Meru, siku nilipokuwa mwalimu kijana. Ujana wake mzee huyo aliutumia katika mashamba ya ngano ya Timau, na moja ya kazi zake ilikuwa kutunza mbwa wa mwenye shamba. Uzeeni alipata mbwa wake mwenyewe wa namna ile ile: teria mdogo mwenye manyoya magumu yaliyosimama kama waya, ndevu kidevuni, na nyusi nzito kama za hakimu. Nilipomkuta, mzee alikuwa ameketi juu ya kigoda, mbwa amesimama juu ya sanduku mbele yake, na vidole vya mzee vilikuwa vikimng'oa manyoya, machache machache, kama mtu achumaye majani ya chai.

Nilicheka. Nikamwambia, “Mzee, kazi ya namna hii ni ya watu wasio na shamba la kulima.”

Hakukasirika. Aliniambia, “Mwalimu, wewe umechana nywele zako asubuhi ya leo. Nani aliyekucheka?” Kisha akanisogezea kigoda cha pili, akanionyesha kazi yake.

Manyoya ya mbwa wa namna hii ni ya tabaka mbili. Ya ndani ni mafupi na laini kama pamba, nayo huhifadhi joto. Ya nje ni marefu na magumu, nayo huzuia mvua na miiba. Unyoya wa nje huota, hukomaa, kisha hufa. Lakini kwa mbwa huyu haudondoki kwa urahisi kama udondokavyo kwa mbwa wengine. Hubaki umening'inia katika ngozi kama jani kavu la mgomba lisilotaka kuanguka. Manyoya mafu yakikusanyika hushikamana na kuwa mabonge; unyevu hukaa chini yake, ngozi huwasha, na viroboto hupata msitu wa kujificha. Kwa hiyo mtunzaji huyang'oa yaliyokufa kwa kidole gumba na kidole cha shahada, akifuata upande yanakolalia, huku mkono wa pili ukiishika ngozi isivutike. Unyoya uliokomaa hutoka bila maumivu. Usiokomaa hukataa, na mtunzaji mwenye busara huuacha mpaka siku yake. Kazi hiyo hufanywa takribani mara mbili kwa mwaka. Katikati yake hutosha kitana na burashi kila juma, na kupangusa ndevu baada ya chakula.

Nilimwuliza kwa nini hakutumia mkasi, akamaliza kabla jua halijapanda. Alijibu kuwa mkasi hukata kichwa cha unyoya na kuuacha mzizi wake mfu ndani. Ndivyo ilivyo. Manyoya ya waya yakikatwa badala ya kung'olewa, baada ya muda vazi lote hugeuka laini na kupauka rangi yake. Halizuii tena maji wala miiba. Asiye na subira hupata mbwa aliyenyolewa, lakini hupoteza mbwa aliyevaa.

Wala usidhani, msomaji, kwamba vazi hilo lilibuniwa kwa mapambo. Jina la teria latokana na neno la Kilatini lenye maana ya ardhi, kwa kuwa mbwa hao waliingia mashimoni kuwafuata mbweha na wanyama wengine waharibifu. Walikuwa mbwa wa kazi wa wakulima na wawindaji wa Uingereza, nchi ya mvua na vichaka. Manyoya magumu yalikuwa nguo zao za kazi, kama gambuti na koti la mvua kwa mtu wa shamba. Baadaye wafalme waliwapenda pia. Mfalme Edward wa Saba alipozikwa mwezi wa Mei 1910, mbwa wake Caesar, teria wa manyoya ya waya, alitembea nyuma ya jeneza katika njia za London, na wafalme wa Ulaya wakafuata nyuma ya mbwa. Lakini Caesar hakupata manyoya yake katika jumba la mfalme. Aliyarithi kwa babu zake waliochimba mashimo.

Nilidhani kazi ya mzee imekwisha, kumbe bado. Alimshusha teria, akapiga mluzi, akaja mbwa wa kienyeji wa rangi ya udongo, manyoya mafupi, mmoja wa hao tuwaonao kila njia kutoka Nkubu mpaka Runyenjes. Mzee akapanda naye daraja ile ile. Alitazama ndani ya masikio, akapitisha vidole kati ya kucha, akainua mkia, akapekua kwapani, akamtoa kupe watatu na kuwachoma motoni. Mbwa alisimama kimya, amefumba macho. “Huyu hana manyoya ya kung'olewa,” mzee alisema, “bali ana ngozi kama yule.”

Hapo ndipo kicheko changu kilipokwisha. Nikakumbuka mbwa niliowaacha nyuma yangu njiani asubuhi ile. Mmoja alikuwa na shingo iliyokatwa na seng'enge hata nyama ikaonekana. Duniani, basi, yuko mbwa mwenye manyoya ya waya, na yuko mbwa mwenye waya shingoni. Na tofauti yao haikutoka kwa Muumba, ilitoka kwa mwenyewe.

Najua utakayoniambia. Nimeyasikia yote barazani, sokoni na katika chumba cha walimu, na hapana budi niyajibu moja moja.

Wako wasemao: “Sisi ni maskini. Mtoto hana viatu, nawe wataka mbwa awe na kitana?” Neno hili lina sauti ya hekima, lakini lipime. Nini alichotumia mzee wa Kibirichia kwa mbwa wake wa udongo? Vidole kumi, ambavyo kila maskini anavyo. Maji ya mto, kipande cha sabuni na nusu saa ya Jumamosi. Umaskini hauzuii mambo hayo. Uvivu ndio uyazuiao, kisha huazima nguo za umaskini ili usitambulikane. Tena mtu huyo huyo asemaye hana senti ya mbwa humpaka mbwa mwenye upele oili chafu ya gari, au kummwagia dawa ya josho la ng'ombe bila ya kuipima. Mbwa hujilamba, na alichopakwa nje huingia tumboni. Wangapi wamekufa kwa tiba iliyokuwa mbaya kuliko ugonjwa! Upele huo huletwa na vidudu wadogo wasioonekana kwa macho matupu. Dawa yake ijulikana, na bwana mifugo huijua.

Na hapa kuna jambo la kuchekesha kama lisingekuwa la kusikitisha. Ua la pareto, ambalo unga wake huua viroboto, lilistawi katika nyanda zetu za juu, na Meru ni mojawapo ya sehemu zilizolilima. Kwa miaka mingi baada ya uhuru Kenya iliongoza dunia kwa zao hilo. Mama zetu walichuma maua yale meupe, yakakaushwa, yakasafirishwa ng'ambo, yakawa dawa ya kuua wadudu katika nyumba za wageni na katika manyoya ya wanyama wao. Nyuma ya kibanda palipoanikwa maua, mbwa wetu alikaa akijikuna.

Wako pia wasemao: “Mbwa akishikwashikwa hupoteza ukali.” Hili ndilo kosa lipendwalo zaidi na watu wenye fimbo. Hudhani kuwa ukali ni mtoto wa maumivu. Lakini mbwa mwenye viroboto mia hawezi kusikiliza usiku. Kazi yake ni kujikuna. Mbwa aliyekatwa na waya haangalii mlango. Aangalia mahali pa kulaza shingo isiyouma. Kweli maumivu huzaa ukali, walakini ni ukali usio na macho: huuma mwizi, huuma mgeni, huuma na mtoto aliyekwenda kuchukua mpira uliobingirika karibu na banda. Wahenga walisema kuwa mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Hawakusema mbwa wa kupe wengi. Ukali mwema mbwa hujifunza kwa mwenyewe, kama mwanafunzi ajifunzavyo bidii kwa mwalimu. Katika vita vya 1914 hadi 1918 Waingereza waliwatumia mbwa wa Airedale, wakubwa katika ukoo wa teria wa manyoya ya waya, kuchukua barua katikati ya mizinga. Kila mmoja alikuwa mikononi mwa mtu wa kumlisha na kumtunza. Mkono haukuwafanya waoga.

Tena wako wasemao kwa sauti ya chini, kama kwamba neno lenyewe lachafua kinywa: “Mbwa ni najisi. Afadhali akae mbali.” Msomaji, hata katika lugha hii ninayoandikia, jina la mbwa ni tusi. Sitaki kubishana na dini ya mtu. Kila mwenye imani ana taratibu zake za kujitakasa, nazo aziheshimu. Nasema tu kwamba uchafu mwingi tumlaumuo mbwa tumempa sisi. Hakujiumbia upele. Na wala hakai mbali, ingawa twasema akae mbali: hulala kizingitini, mahali ambapo mtoto mchanga hutambaa asubuhi.

Tazama yapitayo kati ya kizingiti na kitanda. Funza aingiaye miguuni mwa watoto wetu hakuwa mwenyeji wa Afrika. Aliletwa na meli kutoka Amerika ya Kusini mpaka pwani ya Angola katika mwaka wa 1872, na kabla karne ile haijaisha alikuwa amekwisha kuvuka bara hata huku kwetu. Hana haja na watu peke yao. Huishi pia katika nyayo za mbwa na wanyama wengine wa nyumbani, na mayai yake huanguka katika vumbi alipolala mbwa. Ukimtibu mtoto miguu na kumwacha mbwa alale na funza wake mlangoni, umefukuza mwizi kwa mlango wa mbele ukamfungulia wa nyuma. Kupe naye hunywa damu mpaka huvimba kama punje ya mharagwe, hujiangusha, na kutaga mayai kwa maelfu katika nyufa za ukuta. Je, nyufa hizo ni za nani?

Na usimdharau kupe kwa udogo wake. Katika Hifadhi ya Taifa ya Meru liko kaburi ambalo watu hutoka nchi za mbali kulitazama. Ni kaburi la simba jike Elsa, aliyelelewa na Joy na George Adamson na kurudishwa mwituni. Habari zake zilienea dunia nzima kwa kitabu kilichotoka mwaka wa 1960. Elsa hakuuawa na nyati wala na mkuki wa mwindaji. Alikufa mwezi wa Januari 1961 kwa ugonjwa wa damu uletwao na kupe. Vijidudu vya ukoo huo, ingawa si wa aina ile ile, huwaua mbwa wetu: ufizi hupauka, mkojo hugeuka rangi ya chai ya rangi, na mbwa aliyekuwa hodari jana hashindi kusimama leo. Ikiwa kupe alimwangusha simba, mbwa wako atasimama kwa nguvu gani?

Hata hivyo sitaki udhani kuwa hasira yangu yote ni juu ya watu wa fimbo. Iko fungu ngapi kwa watu wa kioo! Hao ni wale wa mjini wanunuao mbwa wa manyoya kwa kuwa jirani anaye, kama mtu anunuavyo pazia. Humtembeza Jumapili ili aonekane. Miezi mitatu ikipita, mabonge yamejaa tumboni, mbegu za kishonanguo zimeingia masikioni, ndevu zanuka. Ndipo mwenyewe humpeleka kwa mashine ya kunyolea, akamwacha uchi katika baridi ya Julai, ukungu ukiwa juu ya migomba. Wengine humwosha kwa sabuni ya nguo kila siku mbili mpaka ngozi ikakauka na manyoya yakalegea. Huyo hamtunzi mbwa. Ajitunza jina lake. Mtu wa fimbo na mtu wa kioo ni ndugu: wote wawili hawajamtazama mbwa mwenyewe. Asiye na subira ya manyoya ya waya na achukue mbwa wa manyoya mafupi. Ni haki yake, tena ni busara.

Sasa nakuja kwenye deni langu, na nitalisema kwa ufupi kwa sababu halinipendezi.

Nilikulia katika vilima vya Embu, katikati ya mikahawa. Tulikuwa na mbwa aliyeitwa Simba, kama walivyoitwa mbwa wa majirani wengi. Alilinda kwa miaka minne. Sikumbuki kumgusa hata mara moja ila kwa fimbo, na kwa kumrushia jiwe alipokaribia jikoni. Siku moja mbiu ilipigwa kwamba bwana mifugo angekuja sokoni kuwachanja mbwa wote bila malipo, kwa ajili ya kichaa cha mbwa. Baba alinituma nimpeleke Simba. Nilichukua kamba nikamwendea. Alitazama kamba, akatazama mkono wangu. Mkono ule aliujua. Haukupata kumletea jema. Aliruka ua akaingia mikahawani, nami nilimfukuza mpaka jua likaelekea magharibi. Sokoni nilikuta vijana wengine wamekuja na mbwa zao, na wengine wamekuja kama mimi, na kamba tupu. Bwana mifugo akafunga sanduku lake, akaenda zake.

Haukupita mwaka. Mbwa mgeni alipita usiku, wakapigana na Simba. Baada ya majuma kadhaa Simba alianza kukaa gizani, akatokwa na mate, sauti yake ikabadilika. Asubuhi moja alimwuma mdogo wangu, mtoto wa miaka sita, mkononi. Vijana wa kijiji walimwua Simba kwa marungu kando ya mto. Mtoto alipelekwa hospitali, na baba aliuza fahali wetu wa pekee ili kulipa sindano na nauli, maana sindano zilikuwa nyingi na kila moja ilikuwa na siku yake. Alipona kwa kuwa hakucheleweshwa. Lakini kwa muda wa miezi mitatu nilimwona mama, kila mtoto alipopewa kikombe cha maji, akiacha kazi yake na kumtazama kooni mpaka ameze. Hakusema neno. Kila siku nilitamani anipige badala ya kutazama vile.

Watu walisema Simba aliletewa msiba na mbwa mgeni. Mimi najua zaidi. Chanjo ilikuwa sokoni, mwendo wa nusu saa. Kilichokosekana kati ya Simba na chanjo ni mkono mmoja aliouamini.

Hii ndiyo sababu nasema kuwa kitana si jambo dogo. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa nchini Kenya kwa mara ya kwanza mwaka wa 1912, karibu na Nairobi, na bado kipo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao wakiwa wa Afrika na Asia, na karibu wote wakiambukizwa na mbwa. Dalili zikisha kumtokea mtu, tiba ya kutegemewa hakuna. Lakini mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Mwaka wa 2014 Kenya ilijiwekea shabaha ya kukomesha vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Serikali yaweza kununua dawa na kumtuma bwana mifugo. Haiwezi kuingia katika kila boma kumzoeza kila mbwa kushikwa. Kazi hiyo ni yako. Mbwa aliyezoea kitana husimama kwa sindano. Mbwa aliyezoea fimbo hukimbilia mikahawani. Na siku zote za kitana ni maandalio ya siku ile moja.

Iko pia sheria ya Kenya, Sura ya 360, ikatazayo ukatili kwa wanyama. Lakini naona aibu kukutishia kwa sheria. Mtu angojaye askari amfundishe kumtendea wema mlinzi wake mwenyewe amekwisha kupungukiwa.

Basi, kijana, fanya hivi. Anza na mbwa angali mtoto, ikiwa waweza. Kama amekwisha kuwa mkubwa na mwoga, anza kwa kuketi karibu naye bila fimbo, na kipande cha ugali mkononi, siku nyingi kama itakavyohitajiwa. Usimkamate kwa nguvu. Na kama ni mkali au akuonekana mgonjwa, usimkaribie. Mwite mtu mzima. Akisha kuzoea, mpitishie mkono toka kichwani mpaka mkiani mara moja kila juma. Tazama masikio, kwapa na nafasi kati ya kucha. Kupe mshike karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumpinda, wala usimchome angali mwilini. Kisha nawa mikono. Mchane manyoya: mafupi kwa burashi, marefu kwa kitana chenye meno mapana, ya waya kwa vidole na subira. Ondoa seng'enge shingoni, weka ukanda wa ngozi au wa kitambaa kigumu unaopitisha vidole viwili. Fagia alalapo. Siku ya chanjo ikitangazwa, uwe wa kwanza sokoni. Na mtu akiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa muda wa dakika 15, kisha mkimbilie hospitali siku ile ile. Usingoje kuona kama mbwa atakufa.

Watakucheka, kama nilivyomcheka mzee wa Kibirichia. Waache wacheke, maana kicheko hakina madhara. Kilicho na madhara ni kamba tupu.

Nami nimemaliza. Funika kitabu hiki sasa, utoke nje. Yupo pale kizingitini, akuangalia mikono ili ajue umechukua nini.